Shangazi Ameitetea Uingereza

Jamani, leo shangazi nusura agombane na jirani yangu kwa sababu ya Uingereza.

Shangazi anaishi Leicester, huko Uingereza, amekuja kututembelea hapa Katy, Marekani. Tangu afike ni kulalamika tu: "Wale wanabadilisha mawaziri wakuu kama mashuka ya wageni."

Leo tunachoma mbavu, jirani Mmarekani akamuunga mkono, akasema serikali ya Uingereza ni kichekesho.

Shangazi akaweka sahani chini.

"Sisi waziri mkuu akiharibu, tunamtoa. Nyie mnaweza?"

Eti sisi. Asubuhi walikuwa "wale".

Jirani akacheka mpaka machozi, akampa ubavu mnono kuliko zote.

Sasa wamekaa kivulini, kila mtu anaisema serikali yake. Nyama inaungua, na mimi sithubutu kuwakatiza.

Nani mwingine ana shangazi wa hivi?