Sindano ya Maksai wa Kulia

Waliohusika ni watatu. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wa pili ni mwenye duka la dawa za mifugo pale Masumbwe. Wa tatu nitamfikia.

Mguu wangu wa kushoto ulipondeka kule Rwamgasa, duara, yaani shimo la dhahabu, lilipotitia tukiwa chini. Tulitolewa wawili hai. Tangu siku hiyo jembe la mkono siliwezi. Nalima kwa maksai wawili wa plau, na kila mmoja ana upande wake: wa kulia hafungwi kushoto, wa kushoto hafungwi kulia. Akikosekana mmoja, mwingine ni wa kutazama tu.

Mvua zikiwa zimekaribia, wa kulia akaanza kukohoa na kutoa kamasi. Nikataka tumwite daktari wa mifugo wa kata. Shemeji akasema hakuna haja, yeye amechomwa sindano nyingi maishani, kazi hiyo anaijua.

Dukani mwenye duka alimuuliza swali moja.

“Mkubwa?”

“Mkubwa.”

Basi akampimia uzito hapohapo, ng'ombe yuko kwangu, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli.

Shemeji akavuta mililita ishirini na tano za dawa. Sindano ilikuwa ileile aliyowachomea kondoo wake mwezi uliopita. Aliifuta kwa kanga ya dada yake, maana ni mtu msafi.

“Shika mkia, shemeji.”

“Unamchoma wapi?”

“Takoni. Wewe zahanati walikuchoma wapi?”

Nikaona ana hoja. Nikashika mkia. Huyo mshika mkia ndiye wa tatu.

Kikohozi kilipona, sikatai. Ila siku ya tatu maksai alikuwa anaburuza mguu wa nyuma, kwato imejikunja kama ngumi.

Ndipo daktari akaitwa. Mama mmoja, alikuja kwa pikipiki, akanipa shikamoo, akamtazama ng'ombe kwa nyuma tu.

“Mmemchoma takoni, baba.”

“Sisi ndiko tunakochomwa.”

“Wewe unavaa suruali, yeye havai. Msijifananishe naye kwa hilo. Huko kuna mshipa wa fahamu, mmeugusa.”

Akashika kidole changu akakiweka shingoni mwa ng'ombe, mbele ya bega. Hapo. Umfunge kwanza atulie, umpime uzito kwa utepe kifuani, usome chupa. Sindano iwe mpya. Ukishaichomeka, vuta nyuma kidogo. Ukiona damu, chomoa utafute pengine. Dozi kubwa igawe, mahali pamoja pasizidi mililita kumi. Kondoo ni shingoni vilevile, ila dawa kidogo na sindano fupi. Alivyosema, ni kazi ya dakika tano. Kisha akahesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa, akachora tarehe kwa mkaa kwenye nguzo ya zizi. Kabla ya hapo asichinjwe, nyama ina dawa.

“Na mguu?” nikamuuliza.

“Anaweza kuja kuukanyagia. Plau, sikudanganyi, hapana.”

Kesho yake shemeji akaleta mchinjaji wa Bugarama. Nikamwonyesha nguzo. Mchinjaji akacheka.

“Mzee, wateja wangu ni wachimbaji, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Dawa ya ng'ombe itawafanya nini?”

Nilikataa. Mimi nilishakula vya kutosha kwenye mashimo bila kuambiwa ndani mna nini.

Mvua ikanyesha. Mke wangu akalima kwa jembe la mkono, akafikia robo ya shamba. Maksai wa kushoto alisimama zizini akinenepa. Kaka mtu alikuja mara mbili kumsalimia dada yake shambani, akakaa kivulini.

Tarehe ya kwenye nguzo ilipopita, nikampeleka wa kulia mnadani. Alikuwa ameanza kukanyaga, kwa shida. Mimi nachechemea kushoto, yeye kulia, kamba katikati. Shemeji alitufuata nyuma na fimbo, akitusihi tuongeze mwendo.