Kaunti Yetu Uani mwa Shule

Nilipopelekwa kufundisha Kuluba, karibu na mipaka ya Sudani na Kongo, katikati ya miaka ya sabini, kabati la darasa la tano lilikuwa na kitabu kimoja tu cha jiografia. Kilieleza kaunti fulani ya magharibi mwa Marekani: milima yenye theluji, wafuga kondoo, machimbo ya fedha, watu wachache waliotawanyika. Wanafunzi walikuwa wamekikariri chote. Nilipowauliza mto wa kwao unaelekea wapi, walitazamana.

Mimi si wa Kuluba bali ni mzaliwa wa Kuluva, kusini karibu na Arua, na tangu utotoni nilipenda kujua barabara zinakotoka. Nilikirudisha kitabu kabatini, nikawatoa watoto nje na majembe. Tukaichora kaunti ya Koboko uani: Sudani juu, Kongo kushoto, barabara ya Arua ikishuka kusini. Mto Kaya tuliuchimbia mfereji, vilima tukavirundika kwa udongo mwekundu. Walimu wenzangu walinicheka. Niliwaacha wacheke.

Mambo yaliharibika tulipofika kwenye habari za watu. Msichana mmoja, ambaye mama yake alitoka Kongo na kuuza samaki wakavu sokoni, aliambiwa na mvulana wa darasani, "Wewe usisimame humu. Nyinyi si watu wa hapa." Kesho yake hakuja shuleni.

Nilimfuata mama yake sokoni. Mimi Mlugbara, yeye Mkongo. Lugha yetu ya kukutana ilikuwa Kiswahili cha huko.

"Mtoto iko nyumbani, nalia," akaniambia huku akipanga samaki. "Mwalimu, mimi nazaa yeye hapa. Bwana yangu nazikwa hapa. Sasa mutu nasema sisi iko wageni?"

"Basi njoo uwaambie mwenyewe, mama."

"Mimi? Mimi hapana soma."

"Hakuna kusoma. Utawaeleza tu mlivyofika."

Alikuja na binti yake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Siku hiyo mwenyekiti wa wazazi naye alikuwa amepita shuleni, mkulima Mkakwa, kabila la wenyeji wa hapo, mwenye sauti nzito, anayeheshimiwa na wote. Alipomwona yule mama akanivuta kando.

"Mwalimu, historia ya hapa iko ya wenyewe."

Nilijua ninachofanya. "Sawa, mzee. Tuanze na wewe. Babu yako alitoka wapi?"

"Babu yangu natoka kule," akasema kwa fahari, akinyoosha mkono kaskazini. "Kwa milima ya Sudani."

"Tafadhali nenda ukasimame huko."

Alisita, kisha akaenda, akasimama ng'ambo ya mfereji. Nikawaambia watoto nao wasimame walikotoka mababu zao. Wakatimka, huyu Sudani, yule Kongo, wengine kusini kwa jamaa zangu. Katikati ya kaunti akabaki msichana mwingine, mikono kiunoni.

"Bibi nasema sisi tulikuwa hapa tu," akatangaza. Tukaangua kicheko, na cha mwenyekiti ndicho kilichosikika zaidi.

Ndipo yule mama akasimulia. Walivuka kwa miguu wakati wa vita vya kwao, yeye ana mimba ya binti huyu, sufuria kichwani. Familia moja ya Kuluba iliwapa kipande cha shamba wakapanda mihogo.

"Hukuogopa?" aliuliza mvulana yule yule aliyemfukuza mwenzake.

"Naogopa. Lakini nyuma iko mbaya kabisa."

Mvulana alisogea, akampisha binti wa yule mama mahali pa kusimama.

Mvua iliifuta kaunti yetu muda si mrefu, lakini kila mwaka darasa jipya liliichimba upya, na sikumwomba mtu ruhusa. Katika mkutano wa wazazi uliofuata, mwenyekiti alisimama akapendekeza muuza samaki aingie kwenye kamati.

"Kamati nakutana siku gani?" akauliza yule mama.

"Jumanne."

"Jumanne iko soko."

Mwenyekiti akatutazama sote, kisha akaketi. "Basi," akasema, "tutakutana Jumatano."