Mjomba Sikio na Spoki Thelathini na Sita

Jina la Sikio hakupewa na wazazi, alipewa na foleni ya wateja. Enzi hizo ukimpelekea gurudumu, anakugeuzia mgongo, anafumba macho kama anaonja mchuzi, halafu: "Gonga." Unagonga spoki moja moja kwa bisibisi, ting, ting, ting, na yeye kwa mgongo wake huohuo: "Rudi nyuma. Hiyo ya saba imelegea, robo mzunguko tu." Unaishika, kweli imelegea. Watu walikuwa wanawekeana soda pale, na wabishi wote waliishia kununua.

Karakana yake ni chumba kimoja cha mlango wa bati, kimebanwa na fundi wa kuchomelea upande huu na kompresa ya fundi tairi upande ule. Miaka ishirini na tisa kakaa katikati ya makelele hayo bila hata kipande cha pamba. Pamba ya nini? Mtu anaitwa Sikio halafu avae pamba, si atachekwa mpaka na rimu!

Basi masikio yakaanza kuaga. Kwanza ulipotea mlio wa simu: inaita mfukoni mwake mwenyewe, watu wote wanamwangalia, na yeye anawaangalia watu kuona ni ya nani. Daktari akampima, akamwambia sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na zikiondoka hazirudi. Kifaa kingesaidia kidogo kwenye maongezi. Kuhusu spoki daktari hakusema kitu, maana hakuulizwa. Karatasi ya vipimo Sikio aliikunja ndogondogo, akaizika kwenye kopo la misumari. Mkewe alijua bila kuambiwa. Siku hizi akimtaka anapiga meza, na mwenzake anageuka: "Mbona una hasira leo?"

Ndipo akaja mpwa wake, yule binti wa duka la miwani, anasukuma pikipiki ndogo ya vumbini, miguu mirefu, tairi za meno.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Huyu mbuzi umemwokota wapi?"

"Nimemnunua, usimtukane. Nataka awe wa gokati."

"Katikati ya wapi?"

"Go-ka-ti, Mjomba! Ule uwanja wa vigari vidogo vya mbio. Jumamosi asubuhi wanaruhusu pikipiki."

"Si useme basi! Unaongea kama umebanwa na mlango."

Kwa maelezo ya Sikio, mwaka huo dunia nzima ilikuwa imebanwa na mlango.

Kazi aliipenda, tusimnyime hilo. Uwanja ule ni lami nyembamba, kona juu ya kona, na pikipiki ya vumbini ukiipeleka ilivyo, itateleza kama sabuni. Kwa hiyo alishusha shokapu, akaweka breki ya mbele yenye diski kubwa, akang'oa yale magurudumu marefu ili apachike rimu pana za inchi kumi na saba na tairi laini. Uwanjani hawataki chuma kikwangue lami yao, basi ncha za ekseli na za vikanyagio alizivisha vifuniko vya plastiki, akivichonga kutoka kwenye kibao cha jikoni.

"Kibao changu cha kukatia mboga kiko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nani kaleta mboga?"

Hapo, tuseme ukweli, alikuwa amesikia vizuri tu.

Zikabaki spoki. Gurudumu la mbele, spoki thelathini na sita, fupi kuliko za zamani, kazisuka mwenyewe. Akateremsha mlango wa bati mchana kweupe, akagonga. Kimya. Akagonga kwa spana. Akapata kitu kama msumari unaodondoka nyumba ya tatu. Akaweka bisibisi kwenye spoki, mpini akauuma kwa meno, akagonga tena. Meno yakatetemeka, lakini yalitetemeka vilevile kwa zote thelathini na sita. Akakaa chini sakafuni na gurudumu mapajani, akalishikilia hivyo muda mrefu.

Mwishowe alikaza kwa vidole na kwa macho. Rimu ikazunguka mbele ya ncha ya penseli aliyoiegesha kama kipimo, bila kuigusa, imenyooka kabisa. Ila gurudumu linaweza kunyooka huku spoki mbili zimebeba mzigo wa tano, na hakuna mtu aliyelijua hilo kuliko yeye.

"Umezisikiliza?" mpwa aliuliza.

Angeweza kusema hapo. Kulikuwa na fundi mwingine ng'ambo ya barabara, mwenye kifaa cha kupimia mkazo wa spoki. Sentensi moja tu. Lakini akiisema, yeye abaki kuitwa nani?

"Zote zinaimba," akasema.

Jumamosi binti alizunguka mara mbili, mguu mmoja nje, pikipiki imelala kwenye kona mpaka vile vifuniko vya kibao vinagusa lami. Sikio alisimama kwenye uzio, meno yote nje. Mzunguko wa tatu gurudumu la mbele likatetemeka. Binti akaruka upande mmoja, pikipiki upande mwingine. Watu waliziba masikio. Sikio hakuziba kitu. Kwake ajali nzima ilipita kimya.

Alipoliokota lile gurudumu akalipapasa. Spoki tatu zilicheza mkononi kama meno ya mtoto.

Mtulinga wa binti, ule mfupa wa begani, ulivunjika. Hospitalini binti alisema, polepole ili mjomba wake amsome midomo, "Nilikula kona vibaya, Mjomba." Sikio akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo waliodanganya wakawa wawili.

Wiki ya pili binti akaja karakana, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Akalipachika gurudumu kwenye stendi kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Akanyoosha kidole: geuka.

"Aa, kumbe leo soda unanunua wewe," Sikio akasema. Akamgeuzia mgongo, akafumba macho. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na hata huo hakuusikia. Akahesabu kichwani, mwendo uleule wa zamani.

"Safi," akasema. "Inayofuata." Akasubiri kidogo. "Safi. Inayofuata." Ya tatu akaikunjia uso kidogo, ili mambo yakolee. "Hiyo imelegea. Robo mzunguko."

Akageuka akitabasamu.

Bisibisi ilikuwa mezani, palepale alipoiacha asubuhi. Gurudumu halijaguswa. Binti alikuwa kasimama mbali nalo, kaziba mdomo kwa mkono wake mmoja mzima, na machozi yanapita juu ya vidole.

Akautoa mkono, akaanza kuongea. Neno "Mjomba" Sikio aliliona, hilo analijua kwa umbo la midomo. Maneno yaliyofuata yalikuwa mengi.

Akamgeuzia tena mgongo, akafumba macho.

"Gonga," akasema.