Viraka vya Udongo kwenye Shimo la Ngezi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ilianza kwa kicheko. Tulikuwa Ngezi, hapa Bunia, tukijenga nyumba ya kujifungulia akina mama, na vita vilikuwa vimetuzoeza kucheka mapema, kabla habari za siku hazijafika. Nilipoingia langoni, Dieudonné aliita kutoka chini ya shimo:

"Simameni vizuri! Kofia amefika! Hata ukuta usikohoe!"

Kofia nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na msimamizi akanipa kazi ya kukagua usalama, pamoja na kofia ngumu ya manjano. Ilikuwa moja tu, nami niliivaa juu ya ardhi, huku vichwa vilivyoihitaji vikiwa shimoni. Kila asubuhi nilipita na daftari. Nilitazama majukwaa ya mikaratusi, kamba zake, ngazi, kisha nikaandika "salama" au "si salama". Kijana akipewa kalamu hudhani amepewa na macho.

Sitakuficha, nayatamani bado maisha yale. Asubuhi za baridi, moshi wa jiko la mama aliyetupikia maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, harufu ya udongo mwekundu uliolowa. Na Dieudonné, baba wa mapacha, aliyekuwa akichimba huku akiimba vibaya kwa makusudi ili tumkataze. Watu wa kila upande walikuwa wakila sahani moja pale. Nje ya lango, mambo hayakuwa hivyo.

Shimo lenyewe lilikuwa la tangi la maji. Lilikuwa limepita kina cha watu wawili, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mbao za kuzuia kuta zake hatukuwa nazo, maana barabara ya msituni ilikuwa imefungwa. Udongo tuliotoa tuliurundika ukingoni, kwa uvivu tu. Nami niliandika "salama".

Asubuhi ile fundi mmoja alinivuta pembeni. "Shefu, yule muzee wa Kilo iko naweka alama. Jana jioni nilimuona."

Muzee wa Kilo alikuwa Ramazani, mchimba dhahabu aliyekimbilia Bunia vita vilipofika kule kwao. Hakuwa na wiki mbili kwetu. Nilikwenda kutazama, na kweli, ukingoni mwa shimo kulikuwa na viraka vinne vya udongo laini, vimepakwa kwa kidole gumba. Mwanangu, lazima ujue hofu ya siku zile. Ilisemwa kwamba nyumba zilikuwa zinawekwa alama kabla ya kushambuliwa. Nilipoviona viraka vile, moyo wangu haukuuliza swali la pili.

"Alama hizi ni za nani?" nikamwuliza Ramazani, mbele ya watu wote.

"Ni za udongo, shefu," alisema. "Pale kuna ufa. Ukipaka kiraka juu ya ufa, na asubuhi kiraka kimepasuka, basi udongo iko natembea. Angalia, viwili vimepasuka. Mutoe huyu ndugu kwanza."

"Wewe ni mtu wa nani hasa? Kabila gani?"

Aliniangalia kwa mshangao, si kwa hasira. "Mimi nakuonyesha fasi shimo iko naenda, weye uko nauliza fasi mimi nilitoka?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko upanga. Nilivifuta viraka vyote kwa kiatu changu. Nikamwambia achukue vitu vyake aondoke, na nikaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba hatutaki watu wa kutuwekea alama. Ramazani aliinama ukingoni, akamwambia Dieudonné taratibu: "Ndugu, toka."

Dieudonné hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Maana mimi ndimi niliyekuwa na daftari.

"Endelea," nikasema.

Ni neno moja tu, mwanangu. Nimeishi nalo hadi mvi hizi.

Haukupita muda mrefu. Lori zito la wenye silaha lilipita barabarani, nasi tukainamisha vichwa kama kawaida. Ardhi ikatetemeka. Kisha upande mmoja wa shimo ukashuka, bila kelele kubwa, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Wimbo wa Dieudonné ukakatika.

Tulikimbia turuke ndani. Aliyetuzuia ni Ramazani, ambaye alikuwa bado langoni akingoja lori lipite.

"Hapana ruka! Mukiruka, muko namuzika! Ondoeni kwanza huu udongo wa juu. Kuna milango? Leteni milango!"

Milango ya vyumba vya akina mama ilikuwa stoo, haijawekwa. Tuliibeba yote. Aliishusha, akaikaza kwa vipande vya mikaratusi dhidi ya kuta, akaingia katikati yake peke yake. Jembe alilikataa. Aliomba sahani za chakula, akawa anachota udongo kwa sahani, polepole, mpaka uso wa Dieudonné ukaonekana, na mdomo ukavuta hewa.

Tulipomlaza juu ya mlango, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka vibaya. Alifungua macho, akanitafuta. "Kofia," alisema, "andika sasa kama iko salama."

Hakuna aliyecheka. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, guu lililovunjika likawa la mwenzangu.

Ramazani alinawa mikono, akaniambia bila kuinua sauti: "Shefu, kule Kilo, mutu akipiga kelele 'udongo!', siye tunatoka kwanza. Jina lake tunamuuliza inje."

Dieudonné alipona, akichechemea. Nilimwomba msamaha, akanipa, ingawa hakuchimba tena. Ila Ramazani sikuwahi kumwomba. Lile neno langu la alama lilikuwa limekwisha kutoka langoni na kufika kwenye vizuizi vya wenye silaha barabarani, na watu walianza kumuulizia. Mafundi wawili walimsindikiza atoke mjini kesho yake, kwa njia ya mashambani. Kama alifika alikokwenda, sijui. Nimewauliza wengi wa Kilo, na bado sijui.

Basi, mwanangu, ukipewa kazi ya kuangalia usalama wa wenzako, shuka mwenyewe usimame mahali wanaposimama. Mwulize aliye shimoni, hata kama hajui kuandika. Onyo likija, watoe watu shimoni kwanza, kisha ulipime onyo, wala usimpime aliyelileta. Nafuu uonekane mwoga kwa saa moja. Na ukimsemea mtu uongo mbele za watu, usilale kabla hujaukanusha mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile. Mimi nilinyamaza siku moja tu, ikawa imetosha kumpoteza mtu aliyeokoa rafiki yangu.

Mungu akupe masikio mapana kuliko cheo chako. Wote unaowaingiza kazini asubuhi, akujalie kuwaona jioni wakinawa mikono, wakienda kwao kwa miguu yao miwili.