Mtungi wa Maji ya Mwari

Mjukuu wangu aliolewa siku ileile iliyopangwa, na chumbani alitoka kwa miguu yake. Nalisema mapema, maana wapo waliokwisha kumlilia.

Kwetu Mwananyamala, binti akikaribia kuolewa tunamweka ndani. Hatoki, hapigwi jua, anasingwa mpaka ngozi ing'ae. Anayemshika ni somo wake, kungwi wa kumfunda. Somo wa mjukuu wangu ni rika langu, tumechezwa unyago pamoja, na kwa ubishi tunalingana. Alileta mtungi wake mkubwa, akautia maji, mizizi na maua ya mlangilangi, akauweka kwenye korido, mlangoni kwa mwari. Akatupa sharti: maji hayamwagwi wala hayaguswi na mkono mwingine mpaka siku ya kutoka. Yakipungua, anaongeza yeye.

Wiki mbili kabla ya harusi mwari akaamka anawaka moto. Kichwa kinamuuma, nyuma ya macho, viungo vyote. Kumgeuza tu analia. Somo akanivuta pembeni.

"Shoga, mtoto kapigwa kijicho. Tumpeleke kwa fundi."

"Fundi wa nini, wa cherehani?"

"Cheka wewe. Harusi ikivunjika utalia."

Nikamvisha baibui nikamtoa mchana kweupe, uani watu wakishika vinywa: mwari katolewa! Hospitali wakapima, malaria hakuna. Wakapima tena, wakaona dengi. Muuguzi, binti mdogo tu, akaniambia, "Shikamoo bibi. Apumzike, anywe maji kwa wingi, ale panadol peke yake. Dawa nyingine za maumivu msimpe, zinaweza kumtoa damu. Na homa ikishuka msishangilie haraka. Akiumwa tumbo sana, akitapika hovyo au akitoka damu kwenye fizi, mrudisheni mbio."

"Mwanangu, huyu halali bila neti."

"Mbu wa dengi anauma mchana, bibi. Mweusi, ana mabaka meupe miguuni. Anataga kwenye maji yaliyotulia humohumo nyumbani. Mayai anayagandisha kwenye ukuta wa chombo, kwa hiyo mkishamwaga, sugueni."

Mie shule niliishia la tatu, lakini hilo halikunipita. Jirani yetu wa ukuta alikuwa ametoka kuugua homa ya namna hiyohiyo. Mbu kamuuma yule, kaja kwa mwari wangu, kamkuta kashinda ndani mchana kutwa kama kaandaliwa sahani.

Nilipofika nyumbani nikaanza kukagua. Mapipa yangu yote yana mifuniko, ndoo zimeinamishwa. Nikaenda kwenye mtungi, nikamulika kwa tochi ya simu. Viluwiluwi tele, vinajinyonganyonga.

"Usithubutu," somo akasema nyuma yangu.

"Njoo uangalie."

Akachungulia. "Vipande vya mizizi hivyo."

"Mizizi ya wapi inayoogelea?"

"Ukimwaga, mie simo. Na mtoto asipopona, watu watajua ni mkono wa nani."

Neno lile lilinichoma. Mtoto yule nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, sina mwingine. Lakini nikaukumbatia ule mtungi, nikauburuta mpaka uani, nikaupindua. Wanawake wakapiga yowe utadhani nimechinja mtu. Nikachukua jivu na kumbi la nazi, nikasugua ndani mpaka mkono ukafa ganzi. Somo akajitanda khanga yake akaenda zake.

Mwari nikamlaza kwenye neti hata mchana, ili mbu waliobaki wasimuume wakaja kutuambukiza sie. Chumba nikakipulizia dawa, yeye nikamhamishia kwangu kwanza. Nikamnywesha madafu, uji, maji. Akikataa, namkazia macho. Homa iliposhuka ndipo nikaogopa zaidi, nikawa sibanduki pale kitandani.

"Fumbua mdomo."

"Bibi, unanikagua meno kama mbuzi wa mnadani!"

"Mbuzi angekuwa na adabu zaidi. Fumbua."

Fizi safi. Akacheka, kisha akaomba samaki wa kukaanga. Mgonjwa akishachagua kitoweo, nyumba imepona. Nikaenda kuwasha jiko nikiimba, mie ambaye siimbi.

Siku ya harusi, asubuhi, somo akaja, hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wake. Akaukuta umejaa maji mapya, mdomo umefunikwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira. Akafungua, akachungulia, akanusa.

"Hujatia mlangilangi."

"Nimekuachia wewe. Mie simo."

Akabana midomo asicheke, ikamshinda. Akatia maua yake, akamwogesha mwari, na maji yaliyobaki akayafunga mwenyewe, akaukaza ule mpira kuliko nilivyoukaza mie.

Kisha mlango ukafunguliwa. Mjukuu wangu akatoka, mwembamba kidogo, hina mpaka viwikoni, hakushikwa na mtu. Desturi kigelegele cha kwanza ni cha somo. Siku ile sikumngoja, nilikipiga mie.