Dada Chuma Alivyojitunza

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji tangu jua lilipozama, mimi na binti yangu, tukingoja habari za dada yangu. Alikuwa amevunjika nyonga. Wala hakuanza kwa kuanguka. Aliinuka tu kitini achukue maji ya kunywa, mfupa ukalia, ndipo akaenda chini. Daktari alishatuambia: wakifanikiwa kuunga, huenda akatembea tena. Wasipofanikiwa, ni kitandani moja kwa moja. Kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa kwenye ule mlango.

Kazini walimwita Dada Chuma. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni zaidi ya nusu ya umri wake, tena kwa mikono, maana mashine yao ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima. Shuka zito hukamuliwa na watu wawili: huyu anashika ncha hii, yule ncha ile, mnasokota kila mtu upande wake mpaka liwe kama kamba. Atakayeachia kwanza huitwa bibi mpaka jioni. Dada hakuwahi kuitwa bibi. Mwenzake akichoka, yeye alifunga ncha moja kwenye bomba akamaliza peke yake, huku akimuuliza huyo mwenzake kama amekuja kazini kunusa sabuni.

Hedhi ilimkoma mapema, hata hamsini hajakaribia. Alifurahi, akasema amepunguziwa kufua. Mimi, niliyezoea kumkagua mtu kuanzia unyayo, nikaanza kuona mambo madogo: gauni lililokuwa likimfika vifundoni sasa linafagia sakafu, mikono ya blauzi imejaa upepo. Nikimwambia, ananijibu kwamba nina macho ya mwizi.

Kumbe huko kazini vidole vilikuwa vimeanza kuteleza. Ili asiitwe bibi, akawa anaizungusha ncha ya shuka kwenye kifundo cha mkono, kama bandeji. Siku moja aliyeshika ncha ya pili alikuwa binti yangu, ambaye naye aliajiriwa pale. Akasokota kwa nguvu za ujana. Mlio ulisikika mpaka kwenye chumba cha kupigia pasi.

Hospitali walimfunga plasta. Muuguzi akatueleza kwamba hedhi ikikoma, mifupa ya wengi wetu huanza kuliwa kimyakimya, na misuli nayo hupungua. Akampa vidonge, akamwambia plasta ikitoka atembee kila siku na abebe vitu kidogo kidogo, kwani mfupa usiopewa kazi huzidi kuisha.

Hilo la mwisho dada alilikataa katakata. Maisha yake yote alikuwa ameona mashuka yakichakaa kwa kufuliwa, na yale ya kabatini yakibaki mapya.

"Mdogo wangu, kitu kinaisha kwa kutumiwa," aliniambia. "Huyo muuguzi amefua nini?"

Basi akajiweka kabatini. Kazi aliacha. Sokoni haendi, ndoo hagusi, jua analiona dirishani. Nilimbembeleza tuizunguke hata nyumba tu, akaniambia nikazungushe mbuzi. Vidonge alimeza vizuri, hilo siwezi kumsingizia. Lakini miguu ilikonda mpaka soksi zikawa zinashuka zenyewe, na kuinuka kukawa shughuli ya kushika meza, kisha ukuta. Yeye alijiona anajitunza.

Pale kwenye benchi binti yangu akasema, "Mama, siku ile ningesokota polepole."

"Angekutukana. Si unamjua mama yako mkubwa?"

Akacheka kidogo, kisha akalia. Mimi nilikuwa nimejishika kifundo cha mkono bila kujua, nakibonyeza. Hedhi yangu imeanza kuruka miezi. Sijamwambia mtu.

Mlango ukafunguka. Daktari akatoka akivua kofia yake ya kitambaa.

"Yuko hai, mama. Amelala."

"Na mfupa?"

"Skrubu hazikushika. Kila tulipokaza, mfupa ulimomonyoka. Ikabidi tuache."

"Kwa hiyo hatasimama?"

Aliikunja ile kofia kabla hajanijibu. "Hapana, mama."

Nyuma yake wakafungua ubao wa pili wa mlango, wakamtoa dada kwenye kitanda cha magurudumu. Alichukua nafasi ndogo sana, kama mtoto aliyelazwa kwenye kitanda cha watu wazima. Binti yangu akanyoosha mkono amshike vidole, akasita, hakujua ashike kwa nguvu kiasi gani.