Walituacha Msituni Wakawahi Mbuzi wa Murongo

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu: pikipiki nne zikiunguruma mbele ya duka la Muganyizi pale Kayanga, na mimi nimepanda mojawapo. Usicheke. Huyu bibi unayemwona hapa akichambua maharage alikuwa bibi shamba, na bibi shamba asiyejua pikipiki asingewafikia hata nusu ya wakulima wa Rugu. Yangu niliinunua kwa padri mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ndefu, nyepesi, na matairi yake yalikuwa na meno ya kung'ata udongo. Wanaume waliniangalia hadi shingo zikawauma, nikazoea.

Nakusimulia haya leo kwa sababu nimekasirika, nisikufiche. Jana mlipokuwa mnafunga mahema yenu kwenye pikipiki hapo uani nilimsikia mmoja wenu akisema, "Huko milimani kila mtu na chombo chake, atakayeanguka shauri yake." Mkacheka wote. Mimi nikaiweka chai yangu chini. Maneno kama hayo nimewahi kuyasikia, na nilimwona mtu aliyetupwa kwa ajili yake. Basi kaa hapo, hiyo simu iweke pembeni, unisikilize.

Tulikuwa wanne. Muganyizi alikuwa mfanyabiashara kutoka Muleba, kijana mwenye maneno mengi na pikipiki mpya kuliko zetu zote. Yeye ndiye aliyepanga safari: tupite kwenye misitu ya milimani, tulale kwenye mahema, tushukie upande wa Kyerwa, tumalizie Murongo mpakani, ambako wafanyabiashara wenzake wangetupokea kwa mbuzi wa kuchoma. Felician alimsaidia dukani, na kazi yake nyingine ilikuwa kukubali kila alichosema Muganyizi. Wa nne alikuwa Deo, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu wa Rugu. Migomba ya kwao na ya kwetu ilikuwa imegusana. Deo alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kuteremka mlima alikuwa anasimama kwanza, anautazama, ndipo anaingiza gia.

Siku ya kwanza, mwanangu, ilikuwa raha tupu. Ukipanda kule juu hewa inabadilika, inakuwa baridi yenye harufu ya majani mabichi. Tulipita chini ya miti mikubwa yenye ndevu za ukungu, nyani wakatukimbia, tukavuka vijito maji yakiturukia hadi magotini. Jioni tukachoma ndizi kwenye makaa, Deo akatuimbia nyimbo za kwaya yao kwa sauti ya chini kabisa. Nilijiona nina bahati kuwa na marafiki. Ndiyo maana hasira yangu haiishi. Mtu usiyemjua akikutupa, utasikitika tu. Ila hawa tulikula nao sufuria moja!

Kesho yake mvua ilinyesha bila kutarajiwa, kiangazi katikati, na njia ikageuka sabuni. Tulipofika kwenye mteremko mmoja mrefu wa udongo mwekundu, Deo akasimama.

"Breki yangu ya mbele imelegea," alisema. "Nipeni muda kidogo niikaze."

Muganyizi akaangalia saa. "Mwalimu, hapa si darasani. Mbuzi anachinjwa leo, watu wananisubiri. Shuka hivyo hivyo, utumie ya nyuma."

Mimi nikasema tumsubiri. Muganyizi akanicheka, "Bibi shamba naye anaogopa!" Kisha akashuka, Felician nyuma yake, na Deo kwa kuona aibu akawafuata. Aibu, mwanangu! Mtu mzima mwenye akili zake akashuka mlima bila breki kwa sababu ya kuchekwa.

Hakufika mbali. Tairi la nyuma lilikwenda upande, pikipiki ikamlalia mguuni na kumburuta hadi kwenye shina la mti. Niliusikia mfupa. Hata leo nikivunja kuni huwa nasikia mlio ule. Tulimwondolea pikipiki watatu sisi, na mguu wake ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu wa mtu hauelekei.

Sasa nisikilize vizuri. Muganyizi hakuchuchumaa hata mara moja kumtazama usoni. Alisimama pale akifuta tope kwenye tanki la pikipiki yake, akasema, "Hapa hatuwezi kumbeba. Mimi na Felician tutatangulia Murongo, tutaleta gari na watu. Wewe baki naye."

"Gari lifike hapa kwa njia gani?" nilimuuliza. "Teremkeni kijiji cha karibu mwite watu. Murongo ni mbali."

"Nimesema tutarudi."

Hema letu kubwa lilikuwa limefungwa kwenye pikipiki yake. Chakula chote kilikuwa huko huko. Nilimwambia, "Basi tuachie hema." Akajibu kwamba kulifungua na kulifunga tena kutawachelewesha, na kwamba jua halijazama watakuwa wamesharudi. Felician alimtazama Deo, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akawasha pikipiki. Nilizisikia zile injini zikishuka, zikapungua, zikamezwa na msitu, nikabaki na mtu anayesaga meno ili asilie mbele yangu.

Nilivua kitenge nilichokuwa nimejifunga juu ya suruali, nikakata fito mbili, nikamfunga mguu jinsi nilivyowaona wakulima wakimfunga ndama aliyevunjika. Deo alipiga kelele, kisha akaniomba radhi kwa kupiga kelele. Nilitandaza koti langu la mvua juu yetu. Jua lilizama, hawakuja. Mvua ikarudi, hawakuja. Usiku ule sitakusimulia, inatosha ujue kwamba Deo alitetemeka mpaka nikadhani ananifia mikononi.

Kulipopambazuka nilimwambia, "Naenda kutafuta watu. Narudi."

Akanitazama kwa macho ambayo sijayasahau. "Hata wao walisema hivyo," akasema.

"Mimi siyo wao."

Nilishuka peke yangu kwa pikipiki, miguu yote chini, nikiteleza kama ng'ombe mgonjwa, hadi nikaona kijani cha migomba na moshi wa jikoni. Kwenye kibanda cha kwanza alikuwapo mzee mmoja akianika kahawa. Jina lake Bitegeko. Nilimwambia, "Shikamoo, mzee," na kabla hajamaliza marahaba machozi yalikuwa yananitoka. Nilimwambia yaliyotupata. Hakuuliza mimi ni binti wa nani, wala kwa nini niko msituni na wanaume, wala nasali kanisa gani. Alitoka nje akapiga enduru, ule ukelele wetu wa kuita watu kwenye hatari. Mlima mzima ukaitika. Wanaume wakaacha majembe, wengine hawakuvaa hata viatu, wakaja na miti na mablanketi ya kutengenezea machela.

Walimbeba Deo kwa kupokezana, mlima kwa mlima, wakiimba ili wasipoteze mwendo. Mzee Bitegeko, na uzee wake, alitembea ubavuni mwa machela akimfunika kwa jani la mgomba mvua isimpige usoni. Kwa namna hiyo tulifika barabarani, tukapata gari la mizigo, tukafika hospitali. Daktari aliokoa mguu. Ila alisema wazi kwamba kama ungefika mapema ungepona sawasawa. Mpaka leo Deo anachechemea, na siku za baridi humwoni nje.

Unadhani wale wawili walikuwa wapi? Murongo, mwanangu! Walifika, wakakaribishwa, wakala mbuzi na kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Walipoulizwa wenzenu wako wapi, Muganyizi alisema, "Mwalimu kateguka kidogo. Bibi shamba kaamua kubaki naye. Wale wawili wameupenda msitu, waacheni wastarehe." Watu wakaangua kicheko. Na maneno hayo yakasafiri haraka kuliko sisi, maana waendesha pikipiki wa mpakani hawakawii kufikisha habari. Nilipofika nyumbani nikiwa na damu ya mtu mwingine kwenye suruali, nilimkuta mama yangu analia, siyo kwa huruma, kwa fedheha. Wazee wa kanisa walikuwa wameshaulizia. Baba hakunisemesha. Nilikuwa nimemtoa mtu mautini, na kijijini kwetu nikawa mwanamke aliyelala msituni na mwanamume.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kujitetea sikuweza.

Deo aliporudishwa kwao kutoka hospitali, watu walikuja kumpa pole, ukumbi ukajaa. Baba na mama yangu walikuwapo, na mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Muganyizi naye akaja, amevaa shati jeupe, amebeba mikate na soda, akaketi kwenye kiti kizuri. Mtu akamuuliza ilikuwaje, naye akaanza. Mawe, mama yangu! Alisimulia jinsi walivyohangaika mvuani, jinsi alivyoshuka mlima kutafuta watu, jinsi alivyosimamia machela. Kila mtu akatikisa kichwa kwa mshangao. Felician alikuwa pembeni yake akitazama vidole vya miguu.

Kwenye kona palikuwa na mzee amekaa na mkungu wa ndizi mbele yake. Hakuna aliyemjua isipokuwa mimi na Deo. Alikuwa ametoka kwao Kyerwa kuja kumjulia hali mgonjwa wake. Alisubiri Muganyizi amalize, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Kijana, hao watu wa machela uliwaita wewe?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kijiji gani?"

Muganyizi akababaika. "Pale... pale chini ya mlima."

"Pale chini ya mlima ni nyumbani kwangu," alisema Mzee Bitegeko. "Mimi ndiye niliyepiga enduru. Wewe nakuona leo kwa mara ya kwanza."

Mzee akasimama. Sauti yake haikuwa ya upole tena.

"Aliyekuja kwangu ni binti huyu aliyeketi mlangoni. Alikuja ameloa, anatetemeka, kitenge chake amemfungia mwenzake mguuni. Nasikia huko mpakani umemtangaza kuwa malaya. Mimi nimeishi miaka mingi, nimeona wezi, nimeona waoga. Mwoga namwelewa, maana hofu humshika yeyote. Lakini wewe ulimkimbia mgonjwa, kisha ukamtukana aliyebaki naye, na leo unakuja kukalia kiti chake. Mtu wa namna hiyo simwelewi, na wala sitaki kumwelewa."

Mama Deo alikuwa anapitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyowakaribisha wageni. Alikuwa amefika mbele ya Muganyizi. Aliurudisha mkono wake, akampita, akanijia mimi mlangoni, akapiga magoti akanipa. Mama mtu mzima akanipigia magoti! Baba yangu akainamisha kichwa. Muganyizi alisema kitu kama "mambo ya safari haya, yana mengi," akanyanyuka akaondoka, na mikate yake ikatumwa nyuma yake.

Felician alibaki. Baadaye alinifuata akilia, akaniomba msamaha. Nilimwambia ausambaze msamaha huo mahali alikosambaza kimya chake, na aanze na Deo. Naye, nikisema kweli, alifanya. Kila asubuhi alimpeleka Deo shuleni kwa pikipiki na kumrudisha, hadi alipoweza kutembea mwenyewe. Huyo nilimsamehe. Na msijisumbue kuuliza, sikuolewa na Deo. Alimwoa mwalimu mwenzake, na mimi ndiye niliyempikia harusi.

Muganyizi sijamsamehe. Mchungaji ameniambia mara nyingi nimsamehe, nami najibu kwamba hajaniomba. Bado tunakutana naye, ananipungia mkono na kutabasamu kana kwamba tuliwahi kushiriki jambo la kuchekesha.

Basi sikia ninachokuambia, na uwaambie wenzako. Mkienda milimani, mwendo wenu uwe wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Mwenzako akisema breki imelegea, zima injini umshikie spana, usimcheke. Mtu akianguka, safari imeishia hapo alipoanguka, hata kama mlikokuwa mnakwenda mnasubiriwa na rais. Ukilazimika kuondoka kutafuta msaada, acha hema, acha maji, acha koti lako, uende mahali pa karibu, na urudi wewe mwenyewe. Na binti atakayekuwa kati yenu akifanya kazi ya kiume mbele ya macho yenu, ole wenu mrudi na kumchafulia jina. Nikisikia, nitawafuata hadi huko mliko, na magoti yangu haya mabovu.

Halafu wewe mwenyewe, mwanangu, usiwe Felician. Ukiona wenzako wanakosea, mdomo ukishaufungua usiufunge tena.

Nendeni sasa. Mungu awatangulie kwenye makorongo na kwenye matope, awafunike mvua inapowapiga, awape watu wema chini ya kila mlima. Na ikitokea mmoja wenu ameanguka nyuma, awape mikono yenye nguvu ya kugeuza pikipiki mkamfuate.